Siku Niliyojibu "Nzuri"

Kwa miaka mitatu niliuza salamu. Sitanii; ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Jumamosi, Jumapili na likizo zote za chuo nilivaa kizibao cha rangi ya machungwa kinachong'aa, nikasimama kwenye eneo la kuegesha magari karibu na ufuko wa Durban, na kila gari lililoingia nililikimbilia. "Morning, boss. Nice day, boss. I'll look after it for you." Gari halikuhitaji kulindwa na mimi. Mwizi mwenye bastola angetokea, ningekuwa wa kwanza kutimua mbio, na mwenye gari alilijua hilo. Alichokilipia aliporudi na kunidondoshea sarafu ilikuwa ile salamu. Wengi hawakuitaka. Walipita wakitazama bahari juu ya kichwa changu, kana kwamba sauti imetoka kwenye nguzo ya taa.

Ukisalimia watu kutwa nzima ukajibiwa na wachache, unaanza kujiuliza salamu ni kitu gani. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kujiuliza tangu utotoni, na chuo kilikuwa kimenipa maneno ya kuupamba. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sosholojia, na niliamua kwamba salamu ni uongo mdogo ambao watu wamekubaliana wasiuchunguze. Ushahidi nilikuwa nao tele. Kwenye saluni na maduka ya simu ya mjini, Wakongo, Warundi na Watanzania walikuwa kila mmoja na Kiswahili chake, lakini jibu lao lilikuwa moja. Nzuri, ila tumefiwa. Salama tu, ila wamenifukuza kazi. Muzuri, ila mutoto iko hospitali. Niliyaandika kwenye daftari. Kama habari ndiyo hiyo inayokuja baada ya "ila", ile "nzuri" ilikuwa ya nini?

Basi nikaamua kuishi kwa kanuni: atakayeniuliza habari atapewa habari.

Tulikaa mtaa wa Berea, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujahamia. Mimi na dada yangu tulikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na jiko tulichangia na mama mmoja wa Kirundi wa chumba cha pili. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonja kanuni yangu, asubuhi moja kwenye ngazi, akiwa na ndoo mkononi.

"Mwanangu, umeamkaje?"

"Vibaya, mama. Bomba la juu limevuja usiku kucha kwenye godoro langu."

Akaiweka ndoo chini. "Eh! Mimi nimekuuliza bomba?"

"Umeniuliza nimeamkaje."

"Nimekusalimu, weye! Ukitaka fundi, nenda kwa fundi."

Kanisani, mzee mmoja wa kanisa aliponishika mkono mlangoni na kuniuliza habari za imani, nilimwambia inapungua. Akanibandika kiganja kichwani akaniombea palepale, kwa sauti, na foleni nzima nyuma yangu ikisubiri kuingia. Dada alipolisikia hilo alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akafuta machozi, akasema, "Utakuja kunitia haya siku moja, wewe." Hakuwa anacheka tena.

Dada ananizidi miaka kumi na miwili. Tulipotoka Uvira, kwetu Kongo, tukikimbia vita, nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa ameshazikwa, na baba hatukumwona tena baada ya wiki ile. Kigoma tulikaa kambini miaka mitano, nikasoma huko. Yeye hakusoma. Durban tulifika nikiwa na miaka kumi na mitatu, na tangu mwezi wa kwanza alisuka nywele kwenye soko la Warwick, kwenye kiti cha plastiki chini ya daraja la barabara kuu, kati ya wauza dawa za mizizi na vijana wa mikokoteni. Kutoka teksi ilipomshusha mpaka kwenye kiti chake ni mwendo wa dakika tano. Yeye alitumia nusu saa. Kila aliyemwambia "unjani" alimsimamia, akamjibu, akamuuliza mtoto, mguu, mvua iliyopiga kibanda. Kizulu alikijifunza kwa njia hiyo hiyo, jibu baada ya jibu. Mimi niliyejifunza darasani nilikuwa nikimtangulia, nikamngoja kwenye robot, taa za barabarani, nikitazama saa.

Mwaka 2012 akapata mtu. Fundi wa simu, mzaliwa wa Baraka, mji wa ziwani kusini mwa Uvira, mkimya, mwenye vidole vyeusi kwa moshi wa risasi ya kulehemu. Dada alikuwa na miaka thelathini na minne, na kwetu watu huhesabu. Aliwahi kuchumbiwa mara moja kabla ya hapo, nikiwa sekondari. Yule bwana alitaka wahamie Johannesburg, mimi niachwe kwa watu wa kanisa mpaka nimalize shule. Dada alikataa. Mimi sikuambiwa, niliambiwa kwamba bwana alibadili mawazo. Ukweli niliupata miaka mingi baadaye kutoka kwa mama wa Kirundi, ambaye hana siri inayomkaa.

Kwa desturi yetu mwanamume haji mwenyewe. Hutangulia wakubwa wake, na hawaji kuposa; wanakuja kusalimia. Msichana hukaa ndani. Anayewapokea na kuwajibu ni mwanamume wa ukoo, mwenye umri na busara. Ukoo wetu wote wa Durban ulikuwa na mwanamume mmoja tu, na alikuwa na miaka ishirini na miwili na daftari la "nzuri ila".

Walikuja Jumapili mchana. Dada alikuwa amepika tangu asubuhi: sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga, bugali uliofunikwa usipoe. Alininyooshea shati, akaniambia, "Ujibu vizuri," akaingia nyuma ya pazia. Kwa ajili yake niliiweka kanuni yangu kando siku hiyo. Wageni walikuwa wawili. Baba mdogo wa yule fundi, muuza viatu wa Warwick, mtu mnene aliyefika mlangoni akihema kwa sababu ya ngazi, na shangazi yake, mwembamba, mwenye miwani, amejifunga kitenge cha bluu. Shangazi hakuhema hata kidogo.

Wakakaa. Nikawapa soda. Baba mdogo akafuta uso kwa leso.

"Bon. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Habari za nyumba?"

"Nzuri."

"Na masomo?"

"Nzuri tu."

"Kule Uvira munasikia watu?"

"Wazima, nzuri."

Nikaona tumeshalipa ushuru wa salamu. Nikaegemea mbele, nikaunganisha vidole kama nilivyomwona mhadhiri mmoja akifanya, nikasema, "Karibuni sana. Nadhani sote tunajua kilichotukutanisha, basi tusizunguke. Tuzungumze jambo lenyewe."

Wakati ule nilijiona nimewaheshimu. Watu wamepanda ghorofa nne, kwa nini niwachoshe?

Shangazi alimtazama baba mdogo. Baba mdogo akaitazama soda yake. "Hapana, kijana," akasema polepole, "sisi tulipita tu kusalimia." Wakala kidogo, kwa adabu, wakanywa nusu chupa, wakakumbuka kwamba wana mgonjwa wa kumwona. Hata saa moja haikuwa imepita. Niliwasindikiza hadi chini nikiamini mambo yamekwenda vyema.

Niliporudi, dada alikuwa akihamisha samaki kwenye bakuli la plastiki. Alichukua bakuli akalipeleka kwa jirani, akarudi akaosha vyombo ambavyo havikuchafuka.

Neno lilitufikia Alhamisi, likiletwa na mama wa Kirundi, aliyelipata saluni. Alilitoa akiwa amesimama jikoni, mkono kiunoni, akinitazama mimi.

"Wanasema kijana anamsukuma dada yake nje ya mlango. Hata soda haijapoa, anataka jambo. Wanauliza, iko nini mule ndani wanataka kutoa haraka hivyo? Ule shangazi amesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Dada alikuwa akikata vitunguu. Aliendelea kukata. Mama wa Kirundi akatambua kwamba safari hii umbea wake umekata mahali, akaondoka bila kuaga.

"Ni ujinga," nikasema. "Wameshindwa kuelewa mtu anayesema wazi."

"Unasema wazi wewe?" Hakupandisha sauti. "Kwa jirani unasema bomba. Kanisani unasema imani. Ule mzee amekuuliza habari za nyumba, umemjibu 'nzuri' kama unafukuza inzi."

"Lakini si ndivyo watu wanavyojibu? Wewe mwenyewe unajibu hivyo!"

"Barabarani. Barabarani mtu anapita." Akaweka kisu chini. "Hawa walikaa. Mtu amepanda ngazi zote hizi na magoti yake, amekaa, ameweka mkoba chini, anauliza habari za nyumba. Nyumba ni nani? Iko nani mwingine hapa, mbali na mimi na wewe?"

Nikachukua kitunguu kimoja, nikaanza kukimenya.

"Walikuwa wananiulizia mimi," akasema. "Ukajibu nzuri, ukapita."

Nilichojua usiku huo, na hakuna aliyehitaji kunieleza, ni kwamba ndoa yake ilikuwa inaondoka kwa sababu yangu, na kwamba hii haikuwa mara ya kwanza dada yangu kulipa kwa ajili yangu. La Johannesburg sikulijua bado. Lakini mtu huhisi.

Jumamosi sikwenda kwenye magari. Nilikwenda Warwick kumtafuta baba mdogo. Nilimkuta akipanga viatu vya mtumba kwenye turubai, vya kushoto tupu mbele, vya kulia amevificha ndani ya mfuko nyuma yake, wezi wasipate jozi. Nilikuwa nimetunga msamaha njia nzima, wenye aya tatu.

"Baba, nimekuja kuomba—"

Akanyanyua mkono. "Habari?"

"Nzuri, baba. Nimekuja—"

"Habari?" akarudia, kwa upole uleule, kama mwalimu anayemrudisha mtoto mwanzo wa hesabu.

Nikavuta pumzi. Nikamwambia sikulala vizuri. Nikamwambia nina mtihani wa takwimu na sizielewi. Akaniuliza takwimu ni nini. Nikamweleza, mteja akaja, akamuuzia, akarudi akaniuliza nimeishia wapi. Akaniuliza habari za kulinda magari, nikamsimulia wanaotazama bahari. Alicheka mpaka tumbo likatikisika. Yeye pia, akasema, aliyafanya hayo mwaka mzima alipofika, kwenye maegesho ya soko moja kule Bluff, na alikuwa mwalimu wa hisabati kwao. Akanieleza habari za magoti yake, la kulia na la kushoto, kila moja na historia yake. Jua lilihama upande mmoja wa turubai hadi mwingine. Kuhusu dada yangu hakusema neno, nami nikajifunza kufunga mdomo. Nilipoaga, akasema huku akifunga kamba za kiatu cha kushoto:

"Magoti hayapendi ngazi zenu. Mais... lakini kesho tutapita kusalimia."

Kesho yake walikaa viti vilevile. Dada alikuwa nyuma ya pazia. Hakuniambia nijibu vizuri. Shangazi ndiye aliyeanza, hata miwani hajaifuta.

"Habari za nyumba? Ao leo pia zimekwisha?"

"Zipo, shangazi. Lakini ni ndefu."

"Sisi tumekaa," akasema, akauweka mkoba sakafuni.

Nikasema nyumba hii ina watu wawili, na mmoja ndiye aliyeijenga. Nikawaambia siku ya kuvuka ziwa kwenda Kigoma alinifunga kiunoni mwake kwa kitenge, mtoto mkubwa wa miaka minane, watu wakitucheka, kwa sababu aliogopa umati ungeninyakua. Baba mdogo akauliza tulivukia wapi, nikamwambia, akapiga paja: na wao walivukia palepale, mvua ileile. Tukakaa hapo kidogo, kwenye mvua hiyo. Nikaendelea. Nikasema kambini alifua nguo za walimu ili mimi nikae dawati la mbele, na kwamba yeye mwenyewe alijifunza kusoma Kiingereza kwenye makopo ya dawa za nywele. Nikasema Warwick nzima inamjua, na kwamba mwaka 2008, watu wa mji huu walipoanza kuwafukuza wageni, wauza mizizi wa pande zote mbili walisogeza meza zao wakamweka katikati, akasuka kama kawaida, na hakuna aliyemgusa. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilitetemeka kuliko yeye.

"Na mabaya?" shangazi akauliza. "Nyumba haina mabaya?"

"Inayo. Asubuhi haongei na mtu kabla ya chai. Chumvi anaimwaga kama hailipiwi. Akikasirika hapigi kelele, anaosha vyombo, hata visafi."

Nyuma ya pazia sufuria ilitua mezani kwa kishindo.

"Tumesikia!" shangazi akaitikia kwa sauti, na baba mdogo akacheka hadi akakohoa.

Nikawaambia habari za vidole. Kila jioni viungo vinavimba. Anavizamisha kwenye beseni la maji ya moto, halafu ananiuliza leo nimesoma nini, na lazima nimweleze, hata kama ni nadharia ya mtu aliyekufa zamani na mimi mwenyewe sijaielewa. Akisikia ninabahatisha ananiambia kasome tena. Asubuhi anavikunja na kuvikunjua vidole hivyo mara kadhaa kabla havijashika kikombe. Kisha anakwenda kusuka. Nilisema mimi ndiye ninayekwenda chuoni, lakini ada ya chuo hicho inatoka kwenye beseni lile, na kwamba kila mahali ninapojivunia elimu yangu, ninajivunia yeye bila kumtaja. Leo ninamtaja.

Nilikuwa sijawahi kusema hayo kwa mtu yeyote. Nikanywa soda.

"Ndizo habari za nyumba," nikamaliza. "Na haina haraka. Akikaa hapa hadi uzee, bado patatosha."

Baba mdogo akafuta uso kwa leso, ingawa ngazi alizipanda zamani.

"Bon," akasema. "Sasa usikie na za kwetu." Akaanza. Kijana wao ni mkimya mpaka unadhani umemkosea. Alimuuguza mama yake miaka miwili, akimwogesha kwa mikono yake, na hapendi lisemwe. Anakula taratibu kama ng'ombe. "Anakoroma," shangazi akaingilia. "Uache kuficha. Anakoroma kama pikipiki." Wakabishana kuhusu ukoromaji ule kwa muda, kama ni wa mgongo au wa pua. Chakula kilipoa tukakila hivyohivyo, chote. Neno "ndoa" halikutajwa na mtu.

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya majengo, shangazi alichukua mkoba wake lakini hakusimama. "Mwenye nyumba aje tumsalimu."

Dada akatoka, akifuta mikono kwenye kanga. Hapo shangazi, mtu wa miaka sitini na ushee, akainuka. Kwetu mkubwa hamwinukii mdogo. Akaishika mikono ya dada yote miwili, akaigeuza, akavitazama vidole kimoja kimoja kupitia miwani. Kisha akaweka paji la uso wake kwenye la dada, upande huu, upande ule, na mara ya tatu, kama tunavyosalimiana kwetu.

"Habari yako, mama?" akamuuliza.

Dada yangu, ambaye sijawahi kumwona akikosa jibu la salamu katika lugha yoyote, alisimama pale akiwa ameinamisha kichwa. Shangazi hakumharakisha. Alisubiri, mikono ingali mikononi.

"Nzuri, shangazi," dada akasema hatimaye, na mimi niliyeandika daftari zima kuikataa, niliiamini.

Bado nina maswali. Sijui kwa nini watu wale wa maegesho hawakuweza kunijibu, na sidhani kama ni kwa sababu walikuwa na haraka. Mama wa Kirundi namwambia "nimeamka salama" hata bomba likivuja, kwa sababu ana ndoo mkononi na mimi nina teksi ya kuwahi. Hayo nimekubali. Lakini mtu akikaa, namwambia.

Jioni ile tuliosha vyombo pamoja, vichafu kweli safari hii. Baba mdogo alikuwa ameniambia kwenye ngazi, akishika ukuta, kwamba mwezi ujao watakuja na jambo, na kwamba nisiogope, wataanza na habari. Nilimpa dada ujumbe huo. Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kusugua sufuria.

"Ile ya chumvi ungeiacha," akasema.

"Ilikuwa kweli."

"Najua ilikuwa kweli." Akanipa sahani niikaushe. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Na ya vidole? Mimi nilidhani unasoma, hutazami."

"Nilikuwa natazama."

Akafungulia maji, akaviweka vidole chini yake, akavikunja na kuvikunjua mbele yangu, taratibu, bila kuvificha.